Kudifragi diski ya kompyuta: lini kuna faida, lini unapoteza usiku wako

Kompyuta ikianza kuwa nzito, iwe ni ya steshenari Ngarenaro hapa Arusha au ya ofisi ya utalii kule Njiro, ushauri wa kwanza kusikika ni "idifragi", yaani zikusanye upya faili zilizokatika vipande kwenye diski. Ushauri huu ulikuwa sahihi kabisa enzi za Windows 98. Leo kuna mashine unazifaa, kuna mashine hauzibadilishi chochote, na kuna mashine unazimaliza, hasa diski ikiwa imeshaanza kuugua au mwenyewe akiwa amefuta picha ambazo bado zingeweza kuokolewa.

Tuseme msimamo wetu mapema. Diski inayozunguka inahitaji kupangwa upya mara kwa mara, ila Windows inaifanya kazi hiyo yenyewe kila wiki tangu Vista ya mwaka 2007. Mkono wako unahitajika pale tu ratiba hiyo inaposhindwa kufanya kazi. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, haihitaji kudifragiwa kwa mkono hata siku moja.

Kinachoendelea ndani

Diski ya kuzunguka ina sahani za chuma au kioo na kichwa kinachoelea juu yake kusoma na kuandika. Nyingi za laptop huzunguka mara 5400 kwa dakika, za mezani 7200. Kwa ile ya 5400, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Kichwa kinapotakiwa kwenda mahali pengine, hutumia kama milisekunde 12 kuhama, kisha kwa wastani husubiri nusu mzunguko mpaka data ipite chini yake. Jumla ni takriban milisekunde 18 kwa kila mruko.

Windows nayo huigawa diski katika vyumba vya kilobaiti 4. Ukifuta faili, vyumba vyake vinabaki wazi, na faili jipya likija kubwa kuliko pengo moja hukatwa na kusambazwa kwenye mapengo kadhaa. Ukienda soko la Kilombero ukakuta nyanya, vitunguu na karoti kwa mama mmoja, unatoka mapema. Ukivitafuta kwenye meza kumi zilizotawanyika, kikapu kinajaa vilevile, lakini muda wako umeishia kutembea.

Tupige hesabu kwa picha moja ya safari, faili la RAW (picha ghafi ya kamera) la megabaiti 30. Diski inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde italisoma kwa sekunde 0.3 likiwa kipande kimoja. Likiwa vipande 100, ongeza miruko 100 ya milisekunde 18, yaani sekunde 1.8. Picha iliyofunguka kwa theluthi ya sekunde sasa inachukua sekunde 2.1, mara saba zaidi. Anayepitia picha mia tatu za wiki moja Serengeti atalihisi hilo vizuri.

Sasa chukua video ya gigabaiti 4 iliyokatika vipande 60. Kuisoma yote ni sekunde 40, na miruko inaongeza sekunde moja tu. Ndiyo maana Windows haihesabu kabisa vipande vinavyozidi megabaiti 64. Ukiona programu nyingine ikikutisha kwa rangi nyekundu kwamba video zako zimesambaratika huku Windows ikisema mambo ni sawa, iamini Windows.

SSD haina sahani wala kichwa. Kufikia chumba kilicho karibu au cha mbali ni muda uleule, sehemu ndogo mno ya milisekunde, kwa hiyo kupanga vipande hakuipunguzii kazi yoyote ya maana. Na kila kinachohamishwa ni maandishi mapya kwenye seli ambazo zina kikomo cha kuandikwa. Usiku mmoja hautaiua, lakini hakuna sababu ya kuila kidogo kidogo kila mwezi.

Ijue diski kabla ya kuigusa

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua "Performance", kisha bofya "Disk 0". Windows 11 na Windows 10 za karibuni zitakuandikia hapo kama ni HDD, yaani diski ya kuzunguka, au SSD. Njia nyingine ni kubonyeza kitufe cha Windows na R, ukaandika `dfrgui`. Dirisha litakalofunguka lina safu ya "Media type", na utaona "Hard disk drive" au "Solid state drive". Soma pia safu ya "Current status": ikiandika "OK (0% fragmented)" huna kazi ya kufanya leo, tatizo lako liko kwingine.

Kompyuta za mtumba zinahitaji uangalifu hapa. Nyingi zimebadilishwa diski kabla hazijakufikia, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa mgongoni haikuhakikishii kitu. Na SSD iliyowekwa ndani ya kasha la USB la bei ndogo wakati mwingine hutambuliwa kama diski ya kuzunguka, na Windows itaidifragi kweli. Ukijua ni SSD na Windows inasema sivyo, bofya "Change settings", kisha "Choose", uiondolee tiki diski hiyo peke yake.

SSD iliyotambuliwa vizuri iache kwenye ratiba. Kitufe cha "Optimize" kwa SSD hakidifragi, kinatuma amri ya TRIM inayoijulisha diski ni vyumba vipi havina kazi tena. Mafundi wanaozima ratiba nzima "kuilinda SSD" wanaikosesha huduma hiyo.

Afya kwanza

Kudifragi ni kuisomesha na kuiandikisha diski kwa saa nyingi mfululizo. Diski nzima inavumilia. Diski mgonjwa inaweza kufa usiku huohuo, na faili ambalo juzi lilisomeka kwa shida leo halisomeki tena.

Weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Angalia mistari mitatu: 05, idadi ya sekta (vipande vidogo vya uso wa diski) zilizokwisha kubadilishwa, C5, sekta zinazosubiri hukumu, na C6, zilizoshindikana kabisa. Namba za safu ya "Raw Values" kwa kawaida zinaonyeshwa kwa mfumo wa heksadesimali (wa msingi wa 16), kwa hiyo 10 pale ni 16 na 64 ni mia moja kamili. C5 au C6 ikiwa si sifuri, usidifragi. Nakili data zote leo, na anza na zile ambazo hazipatikani kwingine. Mstari wa 05 ukiwa na namba ndogo isiyoongezeka kwa wiki kadhaa unaweza kuendelea kwa tahadhari. Ukiongezeka, diski hiyo inaondoka. C7 ikipanda, mara nyingi kosa ni waya au soketi ya SATA inayoiunganisha diski na kompyuta: badilisha waya kabla ya kuilaumu diski.

Tumia na masikio. Mlio wa tak-tak-tak unaojirudia wakati kompyuta imeganda ni wa kichwa kinachokosa njia. Hapo zima, usijaribu kitu kingine.

Angalia na nyuzi joto. Chini ya 45 ni vizuri, juu ya 50 anza kutafuta sababu, na diski nyingi kikomo chake cha kazi ni 60. Moshi ni chini kuliko Arusha na joto la Januari na Februari si mchezo. Laptop iliyoziba vumbi kwenye feni, imewekwa juu ya kitambaa, itafika 50 kabla kazi haijafika nusu. Safisha feni kwanza, na iweke juu ya meza ngumu.

Nafasi

Difragi inahitaji uwanja wa kuhamishia vitu. Kiwango kizuri ni asilimia 15 ya diski iwe wazi. Diski ya gigabaiti 500 huonekana kwenye Windows kama 465, kwa hiyo unahitaji kama 70 zilizo wazi. Ikiwa zimebaki 8, kazi itakwenda usiku kucha na asubuhi utakuta karibu palepale ulipoanzia. Isitoshe, kujaa kwenyewe ndiko kulikozivunja faili, na kutaendelea kuzivunja.

Andika `cleanmgr` kwenye kitufe cha Windows na R, chagua diski C, halafu "Clean up system files". Mabaki ya masasisho ya Windows peke yake mara nyingi ni gigabaiti kadhaa. Kisha fungua folda ya Downloads, na hapo ndipo kwenye shehena: filamu, ankara zilizopakuliwa mara tano, na programu ambazo zilishawekwa zamani.

Kuna faili ambazo hazihamishiki Windows ikiwa inafanya kazi, mojawapo ni la kulaza kompyuta. Unaweza kuliondoa kwa muda kwa kufungua "Command Prompt" kwa haki za msimamizi na kuandika:

`powercfg /h off`

Ukimaliza kudifragi lirudishe kwa `powercfg /h on`. Wengi husahau hatua hii, halafu wanashangaa mbona kompyuta inawaka polepole kuliko zamani: uwakaji wa haraka wa Windows unalitegemea faili hilo.

Kazi yenyewe

Nakili kwanza vitu muhimu nje ya kompyuta. Hili halina mjadala.

Halafu, kwenye ileile "Command Prompt" ya msimamizi, kagua mpangilio wa faili kwa `chkdsk C: /f`. Itakuuliza kama ikague wakati wa kuwasha tena. Jibu Y, washa upya, uisubiri. Usiongeze /r kwa mazoea, kwa sababu hiyo husoma uso mzima wa diski na inachukua saa nyingi.

Sasa pima:

`defrag C: /A /V`

Ripoti ni ndefu, lakini mistari miwili inatosha. "Total fragmented space" ikiwa chini ya asilimia 10, funga dirisha ukafanye mengine. "Average fragments per file" ikiwa 1.05 maana yake karibu kila faili liko zima. Ikiwa 2 au zaidi, diski imesambaratika na utaona tofauti ukiipanga.

Ikistahili, chomeka chaja, funga programu zote, na izuie kompyuta isilale:

`powercfg /change standby-timeout-ac 0`

Kisha:

`defrag C: /O /U /V /H`

Herufi O inaiambia Windows ichague kazi kulingana na aina ya diski, na ndiyo kinga yako ukiwa umekosea. Ukiandika `defrag C:` bila kitu mbele, itadifragi kwa njia ya zamani hata kama ni SSD. U inaonyesha maendeleo, V inatoa ripoti kamili, na H inaipa kazi kipaumbele cha kawaida badala ya cha chini. Antivirusi iache ikiwa hai.

Muda ni kuanzia saa mbili hadi usiku mzima kwa diski ya gigabaiti 500. Asilimia itarudi sifuri mara kadhaa, kwa sababu kazi inapita raundi kwa raundi. Usidhani imestaki. Ukihitaji kompyuta katikati, bonyeza Ctrl na C: kilichokwisha kupangwa kinabaki hivyo.

Asubuhi pima tena kwa amri ileile ya /A, na urudishe muda wa kulala, kwa mfano `powercfg /change standby-timeout-ac 30`.

Kwa nini ratiba ya Windows haifanyi kazi ofisini kwako

Huu ndio ugonjwa tunaouona kuwa wa kawaida zaidi, na dawa yake ni ya dakika mbili. Matengenezo ya Windows kwa kawaida hupangwa saa nane usiku. Saa hiyo ofisi imefungwa na mtu wa mwisho ameshazima hadi swichi ya ukutani. Windows hujaribu tena mchana, lakini inataka kompyuta iwe kwenye umeme na haina mtu anayeitumia, na laptop inayokaa kwenye betri, inayofungwa kila mwenye nayo anaponyanyuka, haitimizi masharti hayo. Fungua `dfrgui` na utazame safu ya tarehe ya mara ya mwisho. Ukikuta "Never run" au tarehe ya miezi mingi nyuma, umeshapata jibu.

Fungua "Control Panel", nenda "Security and Maintenance", panua "Maintenance", bofya "Change maintenance settings", na badilisha muda uwe 1:00 PM, yaani saa saba mchana. Watu wakienda kula, kompyuta inabaki inawaka, chaja imechomekwa, na kazi inafanyika. Akirudi mtu kuigusa, inasimama yenyewe. Ukiweka hivi, kudifragi kwa mkono kunabaki kwa nyakati chache: baada ya kufuta mzigo mkubwa kwenye diski iliyokuwa imejaa pomoni, au kabla ya kupunguza ukubwa wa patisheni, yaani sehemu iliyotengwa ya diski.

Yanayoharibika

La kwanza na baya zaidi: kudifragi baada ya kufuta kitu kwa bahati mbaya. Faili lililofutwa kwenye diski ya kuzunguka bado lipo mpaka nafasi yake iandikwe kitu kingine, na difragi inaandika kila mahali palipo wazi. Mtu akija na folda ya picha iliyopotea, usisafishe wala usipange chochote. Zima kompyuta, toa diski, uiokoe kwa kuichomeka kwenye mashine nyingine. Ikiwa ni SSD, "Optimize" nayo inaifuta nafasi hiyo kwa TRIM.

Umeme kukatika katikati si balaa kama inavyosemwa. Windows hunakili kipande mahali papya kwanza, ndipo inabadilisha kumbukumbu ya faili, kwa hiyo faili kwa kawaida linabaki salama. Hatari iko kwenye diski iliyo dhaifu na kwenye mshtuko wa umeme unaporudi. Laptop yenye betri inayoshika haina shida. Ya mezani iwe na UPS (betri ya akiba), hata ndogo ya kukupa dakika chache za kusimamisha kazi na kuzima kwa utaratibu.

Diski za nje za USB za terabaiti moja na kuendelea zina tabia yake. Nyingi njia zake za kuandikia zimelaliana kama bati za paa: ukitaka kubadilisha bati moja inabidi uinue na za jirani. Kuzidifragi kunaweza kuchukua siku nzima. Njia bora ni kunakili kila kitu kwenye diski nyingine, kuhakikisha nakala zinafunguka, kuifomati, kisha kurudisha. Faili zinajipanga zenyewe wakati wa kurudi. Na diski hizo zisifanye kazi ndani ya gari linalotembea kwenye barabara ya vumbi. Kichwa kinaelea kwa nanomita chache tu juu ya sahani, na mtikisiko mmoja unaweza kuugusisha uso. Nakili picha gari likisimama, au safiri na SSD.

Flashi na kadi za kamera usizidifragi kabisa. Watumiaji wa Linux kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) nao wana haja ndogo sana. Amri ya `sudo e4defrag -c /home` itakupa alama, na ikiwa chini ya 30 achana nayo.

Uzito usiotokana na vipande

Fungua tena "Task Manager". Ukiona "Disk" iko 100% na "Memory" imepita 85%, hiyo ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, iliyojaa. Windows inatupa mizigo kwenye diski na kuirudisha kila sekunde, na diski ya 5400 haiwezi kasi hiyo hata ikiwa imepangwa kama daftari la shule. Kompyuta ya gigabaiti 4 iliyofungua kivinjari chenye kurasa kumi inafika hapo haraka. Ongeza RAM iwe 8 kabla ya kuwaza lingine. Punguza pia programu zinazojiwasha, kwenye sehemu ya "Startup".

Na kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, kwa maoni yetu kiwe SSD. Diski ya kuzunguka iliyopangwa vizuri kabisa bado inafanya miruko chini ya mia moja kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA inafanya maelfu. Hakuna difragi itakayolifuta pengo hilo.

Laptop nyingi za mtumba zinapokea SSD ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Nafasi ikiwa ya milimita 9.5, weka fremu ya plastiki au vipande vya sponji ngumu isicheze. Fungua mfuniko uone kwanza kama kuna na soketi ya M.2 (ya SSD nyembamba kama kadi), na kama ni ya aina ya SATA au ya NVMe, ndipo uende dukani.

Kuhamisha Windows kutoka diski kubwa kwenda SSD ndogo kunahitaji data zilizopo zienee kwenye ile ndogo. Ukipunguza patisheni kwenye "Disk Management" na Windows ikakataa kupita kiwango fulani, ni faili zisizohamishika zilizokaa mwishoni. Zima kulaza kwa `powercfg /h off`, ondoa kwa muda faili la ukurasa ("pagefile", ambako Windows hutupia mizigo ya RAM) na alama za kurejesha mfumo, washa upya, piga `defrag C: /X` ikusanye nafasi wazi, kisha punguza tena. Difragi ya hapa ina faida ya wazi hata kwa diski inayokaribia kustaafu, mradi afya yake ni nzuri.

Ukishahamia, hakikisha TRIM iko hai:

`fsutil behavior query DisableDeleteNotify`

Jibu la NTFS likiwa 0, inafanya kazi. Likiwa 1, andika `fsutil behavior set DisableDeleteNotify 0`. Diski ya zamani usiifomati kwa wiki mbili za mwanzo. Iweke kwenye kasha la USB, ibandike karatasi yenye tarehe, na ifungue tu kama kuna faili lililosahaulika.